Kibuyu cha Mama na Sabuni ya Limau

Nichekeni mkitaka, lakini polepole, kwa sababu mama mkwe bado yuko hapa kwetu Kiplombe, chumba cha pili.

Alitoka Sugoi kuja kukaa na sisi baada ya kumzika Chebet, binti yake, wifi yangu. Alibeba nguo chache na kibuyu kimoja cha mursik, yale maziwa ya kugandisha ya Wakalenjin, kitupu. Kila jioni alikuwa anakifungua, ananusa ndani, anafumba macho, halafu anakifunika.

Mimi, mtu wa Kisumu, mjanja wa kujifunza usafi kwa simu, nikaelewa haraka sana: kibuyu kinanuka, na Mama anaona aibu kuniambia.

Jumapili akiwa kanisani nikakijaza maji moto, sabuni ya limau na magadi, nikasugua kwa brashi ya chupa ya mtoto. Maji yakatoka meusi tititi. Nikajisifu! Nikarudia mpaka yakatoka safi, nikakianika nje kando ya sukuma wiki.

Jioni akakifungua. Akanusa. Akanusa tena, kama mtu anayetafuta kitu kwa giza.

"Nani ameosha hii?"

"Ni mimi, Mama," nikasema, nikingoja asante. "Ilikuwa chafu sana ndani."

Akakaa chini, kibuyu mapajani. Hata hakukasirika.

"Hiyo nyeusi ni mkaa wa kupaka kibuyu ndani, maziwa yanukie vizuri," akasema. "Chebet ndiye aliipaka, kabla aanze kuugua. Nilikuwa namnusa yeye."