Wekundu wa Mawese

Mkamuaji mawese wa hapa Ngana hupika kwa masikio. Akishatwanga chikichi na kukamua, hubandika sufuria, hufumba macho na kusikiliza maji yakitokota chini ya mafuta. Sauti ikikatika, maji yamekauka; huipua papo hapo, kabla moto haujaunguza wekundu. Viganja vyake vimeshika rangi hiyo, sabuni haiitoi.

Jana alikuja mnunuzi wake pekee msimu huu, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mto Songwe, na madumu manne matupu.

“Yaache yaungue, mama. Wenye hoteli wanataka meupe, la sivyo sichukui.”

“Nyamaza kwanza, baba, nasikiliza.” Akaipua.

Mnunuzi akasonya, akafunga madumu kwenye pikipiki. Kisha akarudi na chupa. “Nijazie ya nyumbani. Mke wangu tangu ajifungue, jua likizama haoni vizuri.”

“Kumbe unajua wekundu huu unasaidia macho! Na wanaokula hotelini hawana macho?”

Mama aliijaza chupa hadi shingoni, akaifuta kwa khanga, akampa kwa mikono miwili. “Kijiko kimoja kwenye wali, kila siku. Na zahanati mpeleke.”

“Ndaga, mama,” alishukuru. Aliitazama ile chupa, kisha akalifungua dumu moja kwenye pikipiki, akampa alijaze mekundu yale yale.