Hodi Mbili kwa Mlango Mmoja

Mwaka nilioanza kazi ni ule tuliokula mashelisheli asubuhi, mchana na jioni. Masika yalikataa, mahindi yakakauka yangali na ndevu tu, mchele ukawa chakula cha harusi. Ukipita Bagamoyo mjini kila nyumba inanuka shelisheli: la kuchoma, la kuchemsha, la nazi kwa aliyebahatika nazi. Aliyezaliwa mwaka ule mpaka leo nikimwona namwita mtoto wa mashelisheli, na wala hanuni.

Asubuhi ya kwanza niliingia karakana ya misheni na shelisheli langu nimelifunga kwenye kitambaa. Mimi Mwanaidi, Mkwere wa Miono, shule niliishia darasa la nne. Nilikwenda kuomba kazi ya kufagia. Aliyenipokea ni Bruda Fundi Mkuu, mtu mrefu wa Songea, bisibisi imekaa mfukoni mwake kama kalamu ya karani. Hakuniuliza cheti. Alinitazama mikono.

"Shikamoo, Bruda."

"Marahaba, mama. Unajua nini?"

"Najua kufuta vumbi bila kuvunja kitu."

"Wote wanaokuja hapa wanasema hivyo."

"Wote hawakulelewa na mama yangu. Ukivunja kikombe chake, unanywea kiganja."

Akacheka, akanifungulia ghala. Lo! Kompyuta zimepangwa mpaka darini, zimetoka Ulaya kwenye kontena, manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Ndani zilikuwa na vumbi, mende, na moja ilikuwa na kiota cha panya. Bruda alinipa brashi ya rangi iliyo kavu, akanipa na sheria ya kwanza: zima, chomoa waya ukutani, kisha gusa chuma cha boksi kabla hujagusa chochote ndani. Mwili wa mtu una umeme wake, ule unaokutekenya ukivua shati la nailoni. Wewe utatekenywa tu. Kadi itakufa.

Nilifagia matumbo ya mashine mpaka nikayajua kama jiko langu. Chini umelala ubao mkubwa wa kijani, ubao mama, uliobeba vyote. Juu yake yapo matundu ya kuchomekea kadi: marefu meusi ya zamani, na mafupi meupe yaliyokuja baadaye. Kadi ndiyo inayoipa mashine kazi ya ziada. Hii ya sauti, hii ya mtandao, hii ya printa. Siku Bruda aliponikuta nimeshazipanga kadi mezani kwa ukoo wake, nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe, aliniambia niweke ufagio chini nichukue bisibisi.

Sasa sikilizeni, wajukuu, hapa ndipo penye ufundi. Kadi ikitaka kusema na mashine, sharti ibishe. Kila kadi ina namba yake ya kubishia. Wazungu wameipa jina la herufi tatu, sisi karakana nzima tuliiita hodi. Mashine ikisikia hodi ya tano inajua huyu ni fulani, inaacha shughuli yake, inaitikia karibu. Zile hodi ni chache, zinakwisha upesi. Na kadi za zamani hazina adabu. Mbili zinaweza kushika hodi moja, kila moja inasema ni yake.

"Bi Mwanaidi," Bruda aliniuliza, "umo ndani, watu wawili wanabisha hodi kwa sauti moja. Utamkaribisha nani?"

"Nitachungulia dirishani kwanza."

"Mashine haina dirisha."

"Basi nitanyamaza mpaka waondoke."

"Ndivyo inavyofanya! Inanyamaza. Na mwenyewe anakuja hapa kwangu analia kwamba kompyuta imekufa."

Dawa yake kwenye kadi za zamani ni vikofia, viplastiki vidogo kama mbegu ya papai vinavyovishwa kwenye vijiti vya kadi. Ukikihamisha kikofia, kadi inahama hodi. Nilivihamisha kwa kibanio cha nyusi cha dada yangu, maana koleo za karakana zilikuwa za kung'olea misumari.

Kutoka Bagamoyo nilipelekwa Ubena, kituo cha ufundi kando ya barabara kuu, chini ya Msimamizi wa Ghala. Mzee yule alikuwa mwema ila sikio lake lilisikia lilichotaka. Wakati huo watu walikwisha kuanza kuja na flashi, na mashine zetu hazina hata tundu moja la USB. Tukatumiwa kadi za kuongeza matundu hayo. Kuchomeka kadi peke yake hakutoshi. Inataka dereva, yaani maelekezo yanayowekwa ndani kutoka kwenye sidii, ya kuifundisha mashine namna ya kusema na kadi ile. Kadi zilifika, sidii hazikufika. Nikamwambia Msimamizi apige simu Bagamoyo, aseme mashine zipo ila hazina dereva.

Kesho yake likaja gari la misheni. Akashuka Mzee Mwinshehe, dereva, kavaa shati la kupigwa pasi na kofia mpya.

"Nimeambiwa kuna mashine haina dereva. Iko wapi?"

Nikamwonyesha mezani. Akaizunguka, akainama, akainuka.

"Hii? Usukani wake huu hapa?" Kashika kipanya.

"Mzee Mwinshehe, dereva anayetakiwa ni sidii."

"Mimi na leseni yangu ya malori nimetoka Bagamoyo kuja kushindana na sidii!"

Tulicheka mpaka Msimamizi akatoka ghalani kuuliza nani kafa. Mzee akala ugali wetu, akarudi kuzifuata hizo sidii, na tangu siku ile kila tulipokutana alinisalimu, "Habari za wale madereva wako wasiokula?"

Kazi iliyonivisha kilemba ni ya Lugoba. Pale palikuwa na shule yenye darasa la watoto wasioona, na mwalimu wao, Mwalimu Perpetua, haoni pia. Darasa lilikuwa na mashine ya nukta nundu, printa inayogonga karatasi nene mpaka ikaota vipele, mtoto anasoma kwa kidole. Printa ile ilikuwa ikisikiliza kompyuta moja tu, kuukuu, yenye kadi yake maalumu kwenye tundu refu jeusi. Ukiipeleka kwenye mpya haikujui.

Mazoezi ya mtihani wa darasa la saba yalikuwa yakitoka Dar es Salaam kwa disketi. Disketi na hewa ya pwani haziivi, zinaota ukungu kama mkate. Mwisho Dar wakasema hawana tena mashine ya disketi, watatuma kwa flashi. Flashi ikaja. Tundu hakuna. Mtihani unakaribia.

Nikaitwa. Nilipofika, Mwalimu Mkuu akashauri watoto wasomewe. Mwalimu Perpetua alikuwa amekaa, akasimama.

"Mwalimu Mkuu, wenzao wanasoma, wa kwangu wanasomewa. Kusomewa si kusoma. Nikikusomea barua ya mkeo, utasema umeisoma?"

Mwalimu Mkuu akanigeukia. "Bi Mwanaidi, inawezekana?"

"Sijaifungua. Nikiifungua nitakujibu."

Nikaifungua. Nikachomeka kadi ya USB kwenye tundu jeupe, nikaweka dereva, flashi ikaonekana kwenye kioo. Nikataka kupiga vigelegele. Tukaamuru printa igonge. Ikagonga mstari mmoja, ikakata kauli. Nikabadilisha waya, wapi. Nikaitoa kadi ya USB, printa ikagonga ukurasa mzima vizuri. Nikairudisha, kimya. Watoto wamekaa kwenye mikeka, wananyoosha shingo kila printa inapoguna. Moja kwa moja nikahisi kadi ya USB ndiyo mbovu, nikataka kwenda Bagamoyo kuitafuta nyingine, na huko sidhani kama ilikuwepo.

Mwalimu Perpetua akaniambia, "Usiende. Rudia tena, nisikilize." Akaegemeza sikio kwenye boksi. Nikarudia. "Haijafa hiyo," akasema. "Kila mashine inapoanza kukoroma ikisoma flashi, na printa inakatika hapo hapo. Kama watoto wawili wananijibu kwa pamoja, simsikii hata mmoja."

Nikapiga paja. "Hodi moja!"

"Hodi gani?"

"Wanabisha kwa sauti moja, mwalimu! Kadi mpya imechukua hodi ya mwenyeji."

Kadi ya printa haikuwa na vikofia vya kuhamisha, imezaliwa na hodi yake na itakufa nayo. Kwa hiyo ni mgeni ahame. Nikawasha upya huku nabonyeza kitufe cha kufuta, nikaingia kwenye kile kioo cha bluu cha mipangilio kinachotangulia kabla mashine haijaamka sawasawa. Humo unaweza kuiwekea kadi ya zamani hodi yake, asiiguse mwingine. Nikaiwekea. Lakini mgeni naye atabisha wapi, hodi zote zimeshikwa? Nyuma ya mashine palikuwa na tundu la kipanya cha zamani ambalo halichomekwi kitu, na linashika hodi bure, kama mtu aliyeacha kanga kwenye kiti akaenda zake. Nikalifunga humo humo kwenye mipangilio. Hodi ikabaki wazi.

Mashine ikaamka. Flashi ikaonekana. Printa ikagonga mstari, ukawa wa pili, ukawa wa tatu, kra-kra-kra, karatasi inatoka ndefu mpaka chini. Mwalimu Perpetua akaishika ikiwa bado inatoka, vidole vyake vinakimbia juu yake. Akampa mtoto wa mbele, Tatu, binti wa mkulima wa pale pale Lugoba. Tatu akapapasa, akakunja uso.

"Mwalimu, huyu Juma ananunua machungwa, halafu chini anauza maembe. Maembe kayatoa wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Swali lilikuwa na makosa kweli, Dar walikosea. Mwalimu Perpetua akasema taratibu, "Umeona, Mwanaidi? Angesomewa, nani angeligundua?" Tatu alifaulu. Leo anasomea ualimu, na akinipigia simu ananiuliza habari za printa kabla hajauliza za magoti yangu.

Nimestaafu sasa. Mikono inatetemeka kidogo, bisibisi inatafuta tundu kama kuku kipofu. Vijana wa leo kila kitu mnachomeka kinajitambulisha chenyewe, Alhamdulillah, sina kijicho. Ila kikinyamaza msikimbilie kusema kimekufa. Ulizeni kwanza nani kabishana na nani. Bruda Fundi Mkuu alirudi kwao Songea, Mzee Mwinshehe tulimzika. Karakana ilinikabidhi mashine ya Lugoba niitunze, na bado naifuata kuifuta na kuibadilishia kibetri, maana kikichoka inasahau mipangilio yote.

Juzi nimeikuta shule imeshukiwa na kigari cha chuma chakavu. Mwalimu Mkuu wa sasa, mwanamume mpole, akanipokea langoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hawa wanapakia nini?"

"Vitu chakavu vya stoo. Na ile kompyuta ya wasioona, Bibi, tumeahidiwa mpya. Iko njiani."

Mpya haina tundu refu jeusi, printa itaisikilizaje? Nikaingia darasani. Printa ilikuwa inagonga. Mwalimu Perpetua, kichwa kimekuwa cheupe, anagawa karatasi, na watoto wengine, wadogo kuliko wale wa wakati wa Tatu, wameinamisha vichwa, vidole vinatembea. Wale vijana wa chakavu wakanifuata, mmoja kashika waya wa ukutani tayari kuchomoa.

"Haitoki," nikamwambia. "Watoto bado hawajamaliza kusoma."

Mwalimu Mkuu akanisogelea, akashusha sauti. "Bibi, nimekuelewa. Lakini mpya ikifika tutaiweka wapi? Na gari hili halirudi tena huku. Tuwaachie tu, Bibi yangu."

"Haitoki. Watoto bado hawajamaliza kusoma."