Mifuko Minne ya Mchanga kwenye Renault 17

Gari langu lilipanda mlima wa Katanika kama mchezo tu. Nilipofika juu nikazima injini, nikalia mpaka sauti ikakauka.

Ngoja nianze mwanzo.

Ilikuwa 1979, enzi za Zaire. Mimi Pontien, dereva wa malori Kalemie, nilinunua Renault 17 nyekundu ya mhandisi aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Milango miwili, gia tano, na linavutwa na magurudumu ya mbele. Majivuno niliyokuwa nayo, usiseme.

Kitabu chake kilikuwa cha Kifaransa, na Kifaransa changu ni cha kuombea maji. Kila Jumapili mke wangu Célestine, mwalimu, alikaa mlangoni akinisomea huku mimi niko chini ya gari. Hewa ya matairi. Mafuta ya injini. Ile mipira ya kardani, inayofunika viungo vya magurudumu ya mbele; ikipasuka mchanga unaingia. Ilipopasuka niliifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Akafika ukurasa wa mizigo. Nikamwambia aruke. Kupakia gari nifundishwe na kitabu?

Mvua zilipoanza nikaweka mifuko minne ya mchanga nyuma, kama tulivyofanya kwenye malori, ili gari lishike tope.

Asubuhi moja Célestine akashikwa na uchungu wa kujifungua, damu ikaanza kutoka, nikampakia garini kwenda hospitali. Katikati ya ule mlima wa Katanika matairi ya mbele yakazunguka bure kwenye tope.

"Pontien, toa ile mifuko," akaniambia. "Hii gari inavutia mbele. Uzito wa nyuma njo unaiinua mbele."

"Wewe unajua kuendesha?"

Nikakanyaga mafuta, nikachimba, nikalitukana gari. Karibu saa nzima ikapita kabla wapita njia hawajambeba kwa machela hadi hospitali.

Mtoto alitoka mzima. Célestine wangu alikufa.

"Papa, mumechelewa," muuguzi akaniambia.

Alasiri nikarudi kuchukua gari na rafiki yangu Adalbert. Yeye ndiye aliyeshusha mifuko ili tusukume. Hatukusukuma. Niliwasha tu, likapanda.

Mliooa, mke akikuambia kitu, sikiliza kwanza. Ubishi uweke kesho.

Binti yetu Lucie akiuliza, miaka yote nimemwambia ilikuwa mvua, barabara ilikatika.

Lucie, mwanangu, najua unasoma humu. Haikuwa mvua. Mama yako aliniambia la kufanya, nami nikakataa.