Wiki Sita za Kumtazama Roda

Wewe umewahi kumtazama mtoto wiki sita na usimwone? Duale alifanya hivyo mwaka wa 1984, akiwa kidato cha sita, tena kwa bidii.

Mwalimu Dabasso, aliyetoka chuoni na moto wake, ndiye aliyeanzisha somo la saikolojia pale shuleni. Kila mwanafunzi alitakiwa amchunguze mtoto mmoja, aandike anachofanya na anachosema. Duale, mwana wa dereva wa lori la kwenda Merti, alivuka mji hadi mtaa wa Waturkana akamchagua Roda, binti wa miaka mitano wa Akuam, mama muuza makaa.

Kila alasiri aliwekewa kigoda. Akuam alimwita "karani", naye Duale akacheka akidhani anataniwa. Roda aliketishwa mbele yake juu ya ngozi, kichwa kimeinama. Pipi, kalamu, mpira wa matambara: hakunyoosha mkono. Duale alimhurumia, akaandika: Hasemi. Hachezi. Akili imechelewa. Na shule ya chekechea ilikuwa ikiisubiri ripoti hiyo ili iamue kama itampokea Januari.

Siku ya mwisho Akuam alimsindikiza hadi kwenye ua wa miiba.

"Karani, mahindi itakuja lini?"

"Mahindi gani, mama Roda?"

"Si umeandika mtoto? Watu wa msaada walipita kule Kipsing, wakaandika wale dhaifu tu. Mimi nikaambia huyu, karani akikuja kaa kama mgonjwa, usitoe neno."

Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wa watu wengi, na Duale alikuwa akija kila siku na daftari, ameshiba, akipima akili ya mtoto aliyefundishwa kuonekana dhaifu. Akamweleza kwamba yeye ni mwanafunzi tu, hana hata kibaba.

"Basi nimefunga mtoto mdomo bure. Na wewe umeandika ujinga yangu."

"Ujinga ni wangu, mama. Sikukuuliza hata siku moja."

Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa Mwalimu Dabasso, akaichana ripoti mbele yake. Mwalimu alimkumbusha kwamba muda umekwisha, atapata sifuri. Duale alijibu kwamba sifuri hiyo ni yake, si ya Roda, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda kuwaambia wa chekechea.

Asubuhi iliyofuata, akielekea chekechea, alipita penye bomba la maji. Foleni ilikuwa ndefu. Mbuzi wa mama mmoja wa Kiborana alikuwa ametumbukiza mdomo kwenye debe la Akuam. Roda alimshika pembe, akamgombeza kwa Kiturkana, kisha akageukia Kiswahili ili mwenye mbuzi naye asikie: "Enda unywe kwenu. Hapa watu wamepanga laini." Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega, na Roda, mkono bado umekamata pembe, akaendelea kumsomea mbuzi makosa yake, moja baada ya jingine.