Lori Linalojipaka Grisi

Mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la nane, na mkono uliozoea bomba la grisi haushiki kalamu vizuri. Mkikuta neno limekosewa, rukeni tu, endeleeni.

Kazi yangu ni kupaka grisi malori yanayosubiri kuvuka mpaka hapa Malaba. Nalala chini, nasukuma bomba la mkono mpaka grisi ya zamani itoke. Inanifaa, maana huko chini hakuna anayetaka niongee.

Asubuhi moja mzee dereva aliniita. Usukani ulikuwa mzito tangu Nambale na gurudumu la mbele la kulia lilikuwa linalia. Aliogopa kuvuka hivyo, kwa sababu ukikwama kwenye mteremko amekwisha. Na akitoka kwenye foleni kwenda gereji, atarudi kupanga nyuma kabisa.

Nilipoingia chini nilishangaa. Lori lilikuwa la kujipaka lenyewe. Kulikuwa na kopo la grisi lenye pampu ya mota ndogo, kisha kipande cha chuma cha kugawa, na kutoka hapo mipira myembamba kama mirija ilikwenda kwenye kila kiungo. Sikujua kitu kama hicho kipo duniani.

Mzee alimpigia simu fundi, mama mmoja wa Busia, akaja kwa bodaboda. Kopo lilikuwa limejaa na mota inazunguka, ila grisi ilikuwa inamwagika kwenye valvu ya usalama kando ya pampu. Madereva wengine walikuwa wamemshauri mzee aizibe kwa boliti.

"Usizibe, mzee," mama alisema. "Hiyo haivuji. Inatapika kwa sababu haina pa kwenda."

Alinieleza kwamba ndani ya kile chuma kuna vipistoni vinavyongojana. Kimoja kikishindwa kutoa grisi yake, kinachofuata hakisogei, na mipira yote inakosa. Yaani lori zima lilikuwa kavu kwa sababu ya njia moja. Akaniambia niweke kiganja juu ya chuma, kikianza kugonga niseme. Yeye akawa analegeza mpira mmoja, anangoja, anaukaza, anaenda kwa mwingine, akitafuta njia iliyoziba.

Foleni ya mbele ikaanza kusogea. Nyuma yetu honi zikalia.

"Mzee, unapika nini hapo? Tuletee sahani," dereva mmoja aliita.

Mama hakuharakisha. Alipolegeza mpira wa gurudumu la kulia, grisi iliruka, na chuma kikagonga mkononi mwangu, tik, tik, kama kifua cha kifaranga. Nilimshika mkono tu, akaelewa.

Alijaribu mpira ule kwa bomba langu, ukapitisha vizuri. Basi kizuizi kilikuwa kwenye kiungo chenyewe. Tulipiga jeki ili uzito utoke, mzee akazungusha usukani kushoto na kulia, nami nikasukuma bomba kwa nguvu zangu zote. Ikatoka grisi nyeusi, ngumu kama sabuni kavu, halafu ikafuata mpya, laini.

Mama alirudisha mpira. Valvu ikaacha kutapika. Mzee alijaribu usukani, akaujaribu tena, kisha akaitwa mbele. Alivuka kwa zamu yake ile ile. Nilibaki nimesimama barabarani nikiangalia magurudumu yake yakikata kona bila kelele.

Bado sijui ni nini kinachogeuza grisi kuwa sabuni. Mama alidhani mtu aliwahi kuchanganya aina mbili, lakini hakuwa na hakika. Wewe unayesoma, kama unajua, tafadhali niandikie. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.