Bunduki ya Kupigia Wafu

Mimi ni Mama Charline, nakaanga sambaza, visamaki vya ziwa, na mabenye, ndiyo maandazi yetu, kwenye aveni yetu ya Mapendo, mutaa wa hapa Goma, na kama unataka habari za Papa Evariste, kaa hapa, ila usinikatize maneno. Atelie yake ya useremala inatazamana na moto wangu. Miaka yote hii mimi nimekula vumbi la mbao zake na yeye amekula moshi wangu, kwa hiyo asije mutu kunifundisha habari ya Evariste.

Ni fundi wa chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ambayo vijana wanasukuma wakibeba makaa na viazi. Ni Munande wa upande wa Butembo. Kabla ya mbao alikuwa porini na bunduki. Aliingia akiwa kijana, kijiji chao kilipochomwa, akatoka na kipande cha chuma ndani ya paja ambacho hakuna munganga aliyeweza kukitoa. Hapendi kuyasema. Akinywa kidogo ndio anakuambia jinsi alivyolala siku nzima chini ya maiti ya rafiki yake ili maadui wapite, na damu ya rafiki ikimudondokea mudomoni. Halafu anacheka. Mimi kile kicheko sikipendi.

Muke wake Kasoki aliuawa na mabandi. Waliruka ukuta, wakamukata kwa panga mulangoni pake, na Evariste alikuwa Beni kutafuta mbao. Kasoki alilia sana, aveni nzima ilisikia, na hakuna aliyetoka. Binti yao Olive alikuwa chini ya kitanda, anaona miguu ya wale watu. Hawakuwa na mutoto mwingine.

Evariste aliporudi hakututukana. Alizika, kisha akatuita wote mbele ya atelie, akasema hivi: "Kuanzia leo, ukiona bandi, piga sufuria. Sufuria ikilia, wote mutoke na mawe. Musiulize ni nani. Musisikilize anasema nini, kwa sababu mwizi akikamatwa siku zote anasema ni mutoto wa mutu. Na atakayebaki ndani, kesho tutamuhesabu pamoja na mabandi."

Basi haikupita muda, akaja mumoja na bunduki ya Kalash, muchana kweupe, akapiga fundi wa pikipiki risasi tumboni. Masufuria yakalia. Masasi yalimuishia karibu na moto wangu. Evariste ndiye aliyetupa jiwe la kwanza, likamupata kwenye paji la uso, na wengine wakamalizia kwa mawe, halafu kwa tairi na petroli. Ile harufu ilikaa ku nguo zangu hadi nikazitupa. Kumulilia, sikumulilia. Tangu siku ile tulilala usingizi, na mutu akitaka kunihubiria aanze kwanza kulala bila polisi kama sisi.

Sasa ndio akaja huyu Samy, kijana wa Himbi, mutaa wa matajiri, wa nyumba zile zenye majani mazuri ndani ya ukuta, na kamera shingoni. Anataka kutengeneza filme ya mazombi, na Evariste amuchongee bunduki za mbao.

"Mazombi ni nini?" nikamuuliza.

"Mama, ni watu wamekufa, halafu wanaamuka, wanatembea, wanauma wazima. Ukiumwa, na wewe unageuka kama wao."

"Na umetoka Himbi kuja kutuletea hiyo?" nikamuambia. "Hapa, vita ilipoingia mujini, tulizika watu bila masanduku. Kama wale wangeamuka, wangeomba sambaza kwanza."

Samy akacheka kwa heshima, akafungua telefone yake, picha za bunduki tele. Evariste akaweka randa chini, akaangalia moja moja. Kijana akamuonyesha mashini-gani yenye mukanda murefu wa masasi, anataka hiyo, inapendeza kwenye kamera.

"Hii ni ya kutisha watu walale chini," Evariste akasema. "Mufu hatishwi. Na nani atakubebea masasi? Kule porini alikuwa nayo mwenzetu Muhindo, munene kukupita wewe. Ilimunyima mbio kwenye kilima. Wakamukuta anahema, wakamukata mikono kwanza, yeye baadaye."

Samy akasogeza picha mbele kwa kidole. Akaonyesha roketi.

"Moto wake unatoka na nyuma. Nimeona mutu alisimama nyuma ya mwenzake. Uso ulivuka wote, kama ngozi ya nyanya uliyoichemsha."

"Na pistole?"

"Pistole ni ya komanda kuulia askari wake mwenyewe. Wewe kamata Kalash. Inaanguka matopeni, inapiga. Inanyeshewa, inapiga. Masasi yake hapa Goma watoto wanaokota wakienda kusoma. Lakini piga moja moja, na kichwani. Mutu akiogopa anaminya kidole hadi yote yanaisha, halafu anakufa na chuma tupu mukononi."

Samy alikuwa anaandika kwenye telefone kama yuko darasani. Akauliza: "Na wewe, Papa, wafu wakiamuka kweli, ungechagua gani?"

Evariste akatazama upande wangu, mahali nilipoweka vyombo.

"Sufuria," akasema. "Bunduki moja inategemea macho mawili. Sufuria inaleta aveni nzima."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilimupa benye la bure.

Hapo ndipo Samy akaomba apewe na Olive. Alikuwa amemuona akimuletea baba yake chakula: binti murefu, mwenye miguu ya kukimbia, amesoma, haogopi kamera. Anataka yeye ndiye awe yule anayepigana na mazombi. Evariste akakataa. Olive akanuna siku kadhaa, na mutoto wa pekee akinuna nyumba nzima inanuna, hadi baba akalegea. Lakini aliweka sharti mbele yangu: watachezea ndani ya ukuta kule Himbi, si pengine. "Nikisikia umetoka na hicho kitu cha mbao barabarani," akamuambia, "nitakivunjia ku mugongo wako. Nina wewe tu, Olive. Nikikukosa nitaishi na nani, na randa?"

Akachonga Kalash ya mukaratusi, akaipaka masizi na mafuta machafu ya motere, akaisugua hadi ikang'aa kichuma. Nikamuambia, "Papa Olive, umeitengeneza vizuri kupita kiasi." Akadhani namusifu.

Siku yenyewe walianzia Himbi kweli, ndani ya ukuta. Lakini mwenye nyumba alirudi mapema, akakuta mawese na nyanya vimetapakaa kwenye ukuta wake mweupe, ndiyo damu ya filme hiyo, akawafukuza wote. Jua lilikuwa bado zuri kwa kamera. Samy analia na jua lake. Ndipo Olive akasema: "Twende kwetu. Nyuma ya soko kuna mawe ya lava matupu, na watu wa pale wananijua."

Wanamujua, ndiyo, akiwa na nywele zake na kitambaa cha kanisa. Siku ile alikuwa amekata nywele zote, amevaa suruali ya kijani na koti zito, na kitambaa kimemufunika uso hadi chini ya macho. Samy alipita kwa shefu wa aveni, mukubwa wetu wa mutaa, kumupa habari, hakumukuta, akasema basi, ni dakika chache tu.

Walikuwa wanacheza kile kipande cha filme ambapo watu wameumwa, wamejaa damu, wanakimbia, na Olive anawafuata ili awamalize kabla hawajageuka kuwa wafu. Kule kwenye lava nafasi ilikuwa ndogo, wakakimbia, wakakimbia, wakatokea kwenye aveni yetu. Sisi tuliona nini? Vijana wanalia, damu inawatiririka shingoni, na nyuma yao mutu wa Kalash amefunika uso. Mukamugema, mushonaji wa pale kwenye kona, hakungoja. Alichukua sufuria yake, akaipiga.

Na zote zikalia. Ukisikia sauti ile, miguu inatoka kabla ya akili. Watu walimiminika na mawe, na shoka, na vyuma vya kujengea. Evariste alitoka atelie na jiwe lake, macho yamekuwa yale ya porini.

Yule wa Kalash alikuwa mbioni. Ghafla akasimama katikati ya barabara, akashusha bunduki, akainua mukono mumoja. Sote tulidhani anataka kulenga. Evariste akatupa. Jiwe likamupata juu ya jicho, nikasikia mufupa unavunjika, na akaanguka chali kama muzigo ukitupwa kutoka kwenye gari.

Bunduki ikaruka, ikagonga mawe. Chuma kikigonga lava kinalia. Ile haikulia. Ilifanya kama mwiko ukianguka jikoni, kitako kikapasuka, na ndani kulikuwa kweupe. Nilimuangalia Evariste. Hakuuangalia uso wa mutu, aliangalia ule weupe wa mbao, mbao aliyoichonga yeye mwenyewe.

Lakini watu wengine hawakuona, au waliona hawakujali. Mawe yalikuwa tayari hewani. Evariste akajirusha juu ya binti yake, akamufunika kichwa kwa mikono miwili. Yalimushukia mugongoni, kwenye mbavu, kwenye vidole. Alikuwa analia, "Ni mutoto wangu, ni Olive, ni mbao," na mimi nilisikia kabisa mwanaume mumoja anasema, "Ndiyo hivyo wanavyosemaga wote." Chuma cha kujengea kikamuvunja mukono wa kushoto. Damu yake na ya mutoto zikachanganyika usoni pa Olive, na kile kitambaa kikanyonya zote.

Habiyaremye, mukata nyama, muhamiaji wa juzi tu katika aveni yetu, akaja na jiwe la lava ambalo lingehitaji watu wawili. Akaliinua juu ya kichwa cha Evariste. Mimi nilikuwa na karai ya mafuta motoni, sambaza ndani yake. Sikufikiri. Niliikamata kwa kanga, nikamumwagia miguuni. Jiwe likaanguka kando, na yeye akapiga yowe ambalo hata masufuria yalinyamaza. Ngozi ilimuvuka hadi kwenye vidole.

"Anayetaka mengine aje," nikasema. "Huyu ni Olive wa Kasoki. Kasoki mulimuacha afe. Huyu pia?"

Hapo watu wakasimama. Wale vijana wa damu wakarudi wanajipangusa nyanya, wanasema ni filme, ni filme. Samy alikuwa bado anashika kamera. Mutu akamunyang'anya, akaivunja kwa shoka, na mimi niliona amefanya sawa.

Habiyaremye alilala hopitali ileile ya Evariste na Olive. Kumuomba musamaha, sikumuomba. Nilimupelekea uji kila asubuhi na yeye alikunywa bila kunitazama. Evariste walimufunga mukono na mbavu, vidole viwili walivikata. Olive hakuamuka haraka, na jicho la kulia munganga alituambia limekwenda. Aveni ilituma watu waje kusema neno moja tu: hakuna ajuaye nani alitupa la kwanza. Mawe yalikuwa mengi. Walitaka kumusaidia Evariste, na mimi pia nilimuambia, "Papa Olive, nyamaza. Mutoto atapona, nyamaza na wewe upone."

Olive alipofungua jicho lililobaki, alitutafuta hadi akamupata baba yake, amekaa kwenye benchi la wagonjwa, amefungwa bandeji kifua kizima. Evariste hata hakumusalimu.

"Ni mimi," akasema. "Jiwe la kwanza ni langu."

"Najua, Papa," Olive akamujibu, polepole, midomo imevimba. "Niliogopa zile sufuria, sikujua nikimbilie wapi. Halafu nikakuona unatoka atelie. Nikasema, sasa nimepona, Papa amekuja. Ndio maana nilisimama."