Mpiga Chapa na Kitabu cha Dada Yake

Watu husema mwandishi ana raha, anakaa kivulini na kubuni tu. Mwulizeni mpiga chapa wetu. Riwaya yake ya kwanza aliiandika kwenye duka la kuchapa hati nyuma ya mahakama, amebanwa kati ya mashine ya fotokopi inayotema joto na benchi la wateja waliokuja kushtakiana. Asubuhi ni viapo vya watu waliopoteza vitambulisho, mchana ni mikataba ya viwanja. Mteja mmoja akitoka na mwingine hajaingia, basi anafungua faili lake na kuongeza sentensi mbili tatu za hadithi ya dada yake.

Dada huyo nyumbani walimwita Kicheko. Alikuwa kifungua mimba, mrefu, na akicheka majirani wanajua yupo. Aliolewa na Mwalimu Mkuu, mtu wa suti na salamu ndefu, na huyo mtu wa salamu ndefu alimpiga mpaka akaacha kuvaa nguo za mikono mifupi. Siku moja akambeba binti yake mgongoni, akaondoka, akapata kazi ya kuhudumia wateja baa. Hakurudi kuomba radhi. Alicheka tena, akanenepa, akapanga chumba chenye dirisha la barabarani, kisha homa ya mapafu ikamchukua kabla mtoto hajajua kusoma. Msibani watu walikula, wakanawa, wakasema neno moja: alijitakia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hata mama yake mzazi aliitikia kwa kichwa, na Mungu amsamehe, maana mimi siwezi.

Mtoto alibaki kwa mpiga chapa. Akakua akilisikia neno lile jikoni kwa bibi yake, mpaka siku moja akauliza huku anasukwa nywele, "Mama mdogo, kwani mama yangu alikuwa mtu mbaya?" Mpiga chapa akaweka kitana chini. Akisema yeye hapana, bibi atasema ndiyo, na neno la bibi katika nyumba ile halipingwi. Akajibu, "Naandika kitabu. Ukikisoma utamjua mama yako." Aliamini kwamba neno lake likishakuwa kitabu chenye jalada na kurasa, hakuna atakayelibisha jikoni.

Kuandika kulikuwa kazi, kuchapishwa kulikuwa adhabu. Shirika la kwanza halikujibu. La pili lilimwambia mswada umepotea, alete mwingine, na huo nao ukapotea, sijui huko wana shimo. La tatu lilimwuliza kama hana kitabu cha hisabati. Kila akirudi na bahasha, mwenye duka humtania: "Mwandishi wetu, leo wamekukaribisha kiti au umesimama tu?" Naye hucheka, afanyeje, halafu anakaa kuchapa madai ya talaka ya mtu. Miaka ikayoyoma. Mtoto akaingia sekondari na bado anauliza, "Kitabu kimefikia wapi?"

Ndipo mhariri mmoja akamwita. Alikuwa mtu mpole, macho mekundu kwa kusoma, meza yake imefunikwa na vitabu vya mazoezi vya shule. Hakumzungusha.

"Dada, unaandika vizuri. Kuna mahali nimelia, na mimi si mtu wa kulia. Lakini riwaya zetu hazinunuliwi madukani, zinanunuliwa shuleni. Na hii yako, kamati ya vitabu vya shule haiwezi kuipitisha. Mke amwache mume, akafanye kazi baa, halafu afe bado anacheka? Funzo liko wapi?"

"Funzo ni kwamba hakuwa na kosa."

"Hilo si funzo, hiyo ni habari." Akavua miwani. "Badilisha sura mbili za mwisho tu. Arudi, augue, apige magoti mbele ya mumewe, afe ameomba radhi. Zilizobaki sitagusa hata nukta."

Alikataa. Nampa haki yake, alikataa, akashuka ngazi amekumbatia mswada wake. Lakini hasira haichapishi kitabu. Na nyumbani yule mtoto alikuwa ameacha kuuliza, jambo ambalo lilimuuma kuliko maswali yote. Akaanza hesabu za mnyonge: nusu shari kuliko shari kamili. Sura zote za mbele ni za kweli, na mwenye akili akifika mwisho ataona umebandikwa. Mtoto ana akili. Akampigia mhariri simu.

Sasa sikilizeni kosa lilipotokea, maana lilikuwa kosa la mpiga chapa, mtu mwingine asingeliweza. Alipokaa kuandika sura zile peke yake, vidole viligoma. Alikaa siku nzima hana hata mstari. Mhariri, kwa huruma zake, akaja mpaka dukani, akavuta kiti, akasema, "Basi mimi nitaje, wewe uchape." Hapo ndipo alipokwisha. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuchapa maneno ya wengine ana ugonjwa wake: akisikia sauti ya mteja ubavuni, vidole vinaondoka vyenyewe. Alikwisha kuchapa viapo vya waongo anaowajua, akavipanga vikapendeza, akasema "hakikisha jina hapo," akamwita anayefuata. Maneno ni ya mwenyewe, yeye anachapa tu.

Mhariri akataja, yeye akachapa. Kicheko akaugua. Kicheko akapanda basi, akarudi. Kicheko akapiga magoti sebuleni kwa mumewe. Na lililo baya zaidi ni kwamba sentensi za mhariri zilikuwa mbovu, zinaburuta miguu, kila mtu angejua si za mwandishi yule. Angeziacha hivyo hivyo, angepona. Lakini mikono imezoea kusafisha kazi ya mteja, ikazisafisha. Alikata zilizorefuka. Pale mhariri aliposema "alilia sana," aliona haitoshi, akamfanya Kicheko alie kama dada yake alivyolia siku ile alipoondoka kwa Mwalimu Mkuu, mdomo umefunikwa na kitambaa ili mtoto mgongoni asiamke. Machozi ya kweli akayaweka kwenye uongo. Mhariri aliposoma akasema, "Hizi ndizo sura bora kuliko zote." Naye, nawaambieni ukweli, alifurahi.

Kitabu kikatoka. Kamati ikakipitisha kwa sifa. Siku ya uzinduzi, katika ukumbi wa viti vya plastiki, mama mzazi alikaa mstari wa mbele na nguo yake ya kutokea, akamshika mwanawe mkono.

"Umetutoa aibu, mwanangu. Sasa watu wamejua alitubu."

"Mama, hakutubu. Si ulikuwepo?"

"Kitabu kinasema alitubu," akasema mama, na macho yake yalikuwa yamejaa shukrani.

Nyuma yake akaja shemeji, Mwalimu Mkuu mwenyewe, mvi zimempendeza, ameleta nakala yake isainiwe. "Shemeji, mwanzoni ulinikasirisha," alisema kwa sauti yake ile ya taratibu. "Lakini mwisho umenitendea haki. Nimeagiza shule yangu yote wakisome." Binti yake wa kumzaa alikuwa amesimama karibu na mlango, na baba huyo hakumtupia hata jicho. Mpiga chapa alimsainia. Ndiyo, alimsainia. Foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wanatazama.

Haukupita muda, kitabu kikawa cha lazima hata shuleni kwa yule binti. Jioni moja alirudi na kazi ya nyumbani, akaiweka mezani mbele ya mama yake mdogo. Swali lilikuwa fupi: "Kicheko alijitakia. Thibitisha."

Mpiga chapa aliinuka, akafungua kabati, akaleta mswada wa zamani wenye mwisho wa kweli. "Soma hizi. Hizi ndizo nilizokuandikia wewe. Zile za kitabuni nilitajiwa tu." Binti akasoma palepale, polepole, mpaka chakula kikapoa. Alipomaliza, akaweka karatasi upande mmoja na kitabu upande mwingine.

"Huku anacheka, kule anapiga magoti," alisema. "Na mimi nimeamini kote kuwili."

"Cha kweli ni hiki cha kwenye karatasi, mwanangu. Naapa."

"Lakini vyote viwili umeandika wewe, mama mdogo. Nitajuaje ni kipi ulichonidanganya?"

Mtu aliyewachapia maneno watu wote wa mji hakupata hata moja la kwake. Binti alimsubiri kwa adabu, kisha akavuta daftari, akaandika kwa mwandiko mzuri wa shule: Ni kweli kwamba Kicheko alijitakia. Kwanza, alimwacha mumewe.